Mjadala: Stalin alinunua muda au alinunua ardhi? Tuujadili mkataba wa Agosti 1939

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu nyote. Majuzi nilipita Tengeru, nje kidogo ya Arusha, nikiwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu, tukaingia kwenye yale makaburi ya Wapolandi. Yako karibu 150, misalaba na majina marefu ya kwao. Kijana akaniuliza hawa watu walifuata nini huku. Nikamwambia hawakufuata kitu. Warusi waliwang'oa makwao mwaka 1940 na 1941 wakawapeleka Siberia na Kazakhstan, na walipoachiliwa wakazungushwa kupitia Uajemi hadi wakafika Tanganyika. Akashangaa: "Mjomba, si walivamiwa na Hitler?"

Walivamiwa na wote wawili. Ndipo akaniuliza swali ninalolileta hapa, kwa sababu nilimjibu njia nzima ya kurudi na bado sikuridhika na majibu yangu: watu waliotukanana miaka sita, Mnazi na Mkomunisti, ambao silaha zao zilipigana Hispania hadi mwanzoni mwa mwaka uleule, waliwezaje kuketi meza moja na kuwekeana saini kwamba hawatashambuliana?

Kwa asiyekumbuka: Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, Ribbentrop, alitua Moscow mchana wa 23 Agosti 1939. Usiku ule yeye na Molotov, Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, wakatia saini mkataba wa miaka 10, Stalin akiwa amesimama pale pale. Pamoja na mkataba uliotangazwa kulikuwa na itifaki ya siri. Poland igawanywe kwa kufuata mito Narew, Vistula na San. Finland, Estonia na Latvia ziangukie upande wa Moscow, Lithuania upande wa Berlin (mwezi mmoja baadaye nayo ikabadilishwa, ikaenda Moscow), na Bessarabia, iliyokuwa ya Romania, Ujerumani ikasema haina haja nayo. Siku tisa tu baada ya tarehe ya mkataba, 1 Septemba, Hitler akaingia Poland. Tarehe 17 Stalin akaingia kwa upande wa mashariki.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Shuleni tulifundishwa kwamba Stalin alikuwa ananunua muda. Mimi naona alinunua ardhi, na hadithi ya muda ilishonwa baadaye, Wajerumani walipomgeukia. Mkataba uliwezekana kwa sababu mbili. Kwanza, malipo yake yalikuwa mali ya watu wasiokuwepo mezani, kama mtu anayelipa mahari kwa ng'ombe wa jirani. Pili, waliokuwa wakilipana hawakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Usiku ule Stalin alidai bandari mbili za Latvia, Liepāja na Ventspils. Ribbentrop akampelekea Hitler simu ya maandishi, Hitler akatazama ramani, na jibu likarudi jioni ileile kwamba amekubali. Bandari mbili za nchi huru, jioni moja.

Karibuni.

Mwalimu wa Historia, Moshi

Mleta mada, nashukuru kwa uzi, lakini hapa umemhukumu mtu bila kusikiliza alikotoka. Anza Septemba 1938. Uingereza na Ufaransa walikutana Munich na Hitler na Mussolini, wakaikata Chekoslovakia, na Urusi haikualikwa hata kuketi nyuma, ingawa ilikuwa na mkataba na Wacheki hao. Machi 1939 Hitler akamaliza kilichobaki, akaingia Prague. Ungekuwa wewe Kremlin, ungeamini nini? Ungeamini kwamba wakubwa wa magharibi wanamfungulia Mjerumani njia ya kwenda mashariki. Tarehe 10 Machi Stalin alilisema hilo mbele ya chama chake: nchi yake haitaingizwa vitani na watu waliozoea kutumia mikono ya wengine kutoa vitu motoni.

Na hata baada ya hapo, aliwapa nafasi. Agosti ileile ujumbe wa kijeshi wa Uingereza na Ufaransa ulikwenda Moscow. Walikwendaje? Kwa meli ya polepole, City of Exeter. Waliondoka tarehe 5, wakafika Moscow tarehe 11. Kiongozi wa Waingereza, Admirali Drax, alifika bila barua ya kumpa mamlaka ya kutia saini chochote. Ribbentrop alikuja kwa ndege akiwa na mamlaka yote mfukoni. Mwenye kuhitaji kitu haji kwa mwendo wa jahazi.

Tena jeshi lenyewe lilikuwa hoi. Kati ya marshali watano wa Jeshi Jekundu, watatu walikuwa wameangamizwa katika misako ya 1937 na 1938. Jeshi lisilo na vichwa linahitaji muda. Kufikia Juni 1941 lilikuwa na watu karibu milioni 5. Muda alioununua huo hapo.

Mleta mada

Mwalimu, Munich nakubali yote, na ya meli nakubali. Ila la kuangamiza marshali wake mwenyewe halimpi utetezi. Huwezi kuchoma nyumba yako kisha tukuhurumie kwa kukosa pa kulala.

Ninachokataa ni neno "muda" kana kwamba saa ilikuwa ikimhesabia yeye peke yake. Miezi ile 22 Hitler naye alikuwa akiitumia. Kwa mkataba wa biashara wa 11 Februari 1940 Moscow iliahidi kumpelekea Ujerumani tani milioni 1 za nafaka na tani 900,000 za mafuta. Mpira na bidhaa nyingine kutoka Asia ya Mashariki zilipita kwa reli ya Siberia kwenda Berlin. Mjerumani wa vita vya kwanza alikufa njaa kwa sababu Mwingereza alimfungia bahari. Safari hii mlango wa nyuma aliufungua Stalin. Halafu Juni 1940 Ufaransa ikaanguka kwa wiki sita, na lile jeshi ambalo lingemshughulisha Hitler upande wa magharibi likatoweka. Ukipima nani alitoka na nguvu zaidi katika miezi ile, unampata Mjerumani.

Mama wa Mwanza

Kaka zangu, mbona wote mnatazama Ulaya tu? Hamjamtaja Mjapani hata mara moja.

Tangu Mei 1939 Urusi na Japani walikuwa wakipigana Khalkhin Gol, mpakani mwa Mongolia na Manchuria. Vile vilikuwa vita hasa, vya vifaru na ndege. Tazameni tarehe: 20 Agosti Jenerali Zhukov alianza shambulio lake kubwa kule, na siku hiyo hiyo Hitler alimwandikia Stalin akimsihi ampokee Ribbentrop kabla ya tarehe 23 kupita. Stalin alikuwa na moto mkono wa kulia na moto mkono wa kushoto. Mjapani na Mjerumani walikuwa wamefungamana dhidi ya Ukomunisti tangu Novemba 1936. Kwa saini moja Stalin aliwatenganisha. Tokyo walipigwa bumbuwazi hadi serikali ya Hiranuma ikajiuzulu tarehe 28 Agosti. Vita vya Mongolia vikasimama katikati ya Septemba, na kesho yake tu majeshi ya Stalin yakavuka mpaka wa Poland. Alisubiri mgongo uwe salama kwanza.

Kwa hiyo mimi sioni kwa nini iwe muda au ardhi. Alikuwa anaogopa pande mbili. Kila mmoja wa hawa watu alikuwa anaogopa pande mbili, Hitler naye vilevile. Ndiyo maana walikutana.

Mwanasheria, Nairobi

Dada wa Mwanza ameleta jambo zito, lakini naomba niwarudishe kwenye maandishi yenyewe, kwa sababu maandishi husema nia.

Urusi ilikuwa na desturi ya kutia saini mikataba ya kutoshambuliana. Ilikuwa nayo na Poland tangu 1932, ikaongezwa muda 1934. Mikataba ya aina hiyo kwa kawaida ilikuwa na kifungu kimoja muhimu: upande mmoja ukimshambulia mtu wa tatu, upande wa pili uko huru kujitoa. Kifungu hicho ndicho kinachoufanya mkataba uwe wa amani, maana unamfunga mchokozi. Katika mkataba wa Agosti 1939 hakimo. Na badala ya kungoja taratibu za kuidhinishwa, waliandika kwamba unaanza kazi papo hapo ukitiwa saini.

Mtu anayetaka kujilinda dhidi ya mchokozi haondoi kifungu cha mchokozi. Anayekiondoa anajua kuna uchokozi unakuja na ameukubali. Kwa hoja hii niko upande wa mleta mada.

Ule mkataba na Poland ulikuwa bado hai siku wanajeshi wanavuka. Moscow ilisema kwamba dola ya Poland imekufa, hivyo hakuna wa kuvunjiwa ahadi. Kama wakili, sijawahi kuona hoja inayonisikitisha kama hiyo: unamsaidia mtu kumuua mwenzako, kisha unasema deni limekwisha kwa kuwa mdai amefariki.

Mzee Mstaafu, Tanga

Wanangu, nimesoma yote. Mleta mada, unaandika vizuri, lakini kuna mahali umepita haraka nami siwezi kukuacha upite.

Umesema madikteta waliweza kulipana kwa ardhi ya wengine kwa sababu hawana wa kumwomba ruhusa. Je, Munich ilikuwa nini? Chamberlain, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa na bunge na magazeti. Daladier wa Ufaransa alikuwa na bunge. Wakamkatia Hitler Sudeten, eneo la Chekoslovakia, na Wacheki wenyewe hawakuwemo chumbani, waliitwa kupewa matokeo. Ng'ombe wa jirani hao hao. Hata Poland unayoililia ilijimegea kipande cha Chekoslovakia Oktoba 1938, eneo la Teschen. Na mimi nilizaliwa Tanganyika chini ya bendera ya Mwingereza. Nchi yetu ilichukuliwa kwa Mjerumani ikakabidhiwa Mwingereza kwa karatasi zilizotiwa saini Ulaya, na babu yangu hakuulizwa hata neno moja. Kwa hiyo kugawa watu mezani hakukuanza Moscow, na wala si kazi ya madikteta peke yao.

Sisemi haya kumsafisha Stalin. Nasema hoja yako ina tundu.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Umenikamata, na nimekaa na maneno yako tangu jana usiku kabla ya kujibu.

Kweli, Munich inaivunja hoja yangu kama nilivyoiandika. Serikali yenye bunge inaweza kulipa kwa ardhi ya wengine, na sisi tuliozaliwa huku hatuhitaji kuambiwa. Basi naomba niirekebishe. Baada ya Hitler kuingia Prague Machi 1939, watu wa Uingereza waligeuka. Bunge lile lile lililompigia makofi Chamberlain aliporudi Munich halikuwa tayari tena. Tarehe 31 Machi akalazimika kuitangazia Poland dhamana. Kuanzia siku hiyo London haikuweza tena kuuza mashariki ya Ulaya hata kama kuna waliotamani.

Sasa tazama Agosti. Tarehe 14 Marshali Voroshilov, mkuu wa ulinzi wa Urusi, anamuuliza Drax swali moja tu: vita vikianza, je, Poland itayaruhusu majeshi yetu kupita kwake ili tumfikie Mjerumani? Drax hana jibu. Wanaulizwa Wapolandi, wanakataa. Paris inahangaika hadi dakika ya mwisho, London inazungukazunguka. Kitu Stalin alichokitaka kilikuwa cha Poland, na Uingereza ilikuwa imejifunga kuilinda Poland. Hitler hakuwa amejifunga kwa lolote. Alikuwa na tamko la kutoshambuliana na Poland la Januari 1934, akalitupa Aprili 1939 kwa hotuba.

Kwa hiyo tofauti ninayoiona sasa ni ya wakati ule hasa, kiangazi cha 1939: upande mmoja ulikuwa umeshapoteza uwezo wa kuuza wengine, na upande wa pili bado unauza. Stalin akaenda dukani penye bidhaa.

Mwalimu wa Historia, Moshi

Hapo sasa tunaelewana zaidi. Lakini hujanijibu kuhusu usalama. Hiyo ardhi unayosema aliinunua, alikuwa anaitaka ya nini? Mpaka wake ulisogea magharibi kilomita mia kadhaa. Mjerumani alipoanza safari ya kwenda Moscow 22 Juni 1941 alianzia mbali zaidi kuliko ambavyo angeanzia 1939, na alipofika karibu na Moscow Desemba alikuwa amechoka, baridi imemkuta. Ukiziondoa zile kilomita, una hakika Moscow ingesimama?

Mwanasheria, Nairobi

Mwalimu, Minsk ilianguka tarehe 28 Juni 1941. Minsk ilikuwa ndani ya mpaka wa zamani, ule wa kabla ya 1939. Maana yake ukanda wote ule uliochukuliwa kwa damu ya watu, kwa upande huo, ulivukwa kwa siku sita. Ngome za mpaka wa zamani zilikuwa zimeachwa, na za mpaka mpya hazijakamilika. Na Finland, ambayo Stalin aliivamia Novemba 1939 kwa nguvu ya itifaki ile ile, iliingia vitani 1941 upande wa Hitler na kuibana Leningrad kutoka kaskazini. Alijitengenezea adui mahali ambapo hakuwa na haja ya kuwa naye.

Mwalimu wa Historia, Moshi

Siku sita ni siku sita, wakili. Lakini kosa la kutoutumia ukanda vizuri halithibitishi kwamba hakuuhitaji. La Finland nakupa, hilo lilikuwa kosa tupu. Kwa jumla bado naamini kwamba Agosti 1939, kwa alichokijua siku ile, hakuwa na mlango mwingine usiompeleka vitani peke yake.

Msomaji, Bujumbura

Ndugu, mimi nina jambo dogo. Tunazungumza kana kwamba waliolipa ni nchi za jirani tu. Kulikuwa na Wakomunisti wa Kijerumani waliokimbilia Urusi kumkimbia Hitler. Wengine Stalin aliwafunga, na baada ya mkataba akawakabidhi kwa Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Margarete Buber-Neumann alikabidhiwa Brest-Litovsk mapema 1940, kutoka kambi ya Stalin akaingia kambi ya Hitler, Ravensbrück. Na Ufaransa, wanachama waliofundishwa miaka yote kwamba ufashisti ndio adui waliamka asubuhi moja wakaambiwa hii ni vita ya mabepari, wasiiunge mkono. Serikali ikakifunga chama chao Septemba 1939. Kuna watu waliompenda Stalin kwa moyo wote na mkataba ule uliwavunja.

Mama wa Mwanza

Ahsante ndugu wa Bujumbura, hilo limenigusa.

Naomba niwaachie mfano mwingine, maana nauona unasaidia swali la mpwa. Tarehe 13 Aprili 1941 Stalin alitia saini mkataba mwingine na mpinzani mwingine, Japani, wa miaka mitano. Alimsindikiza Waziri Matsuoka hadi kituo cha treni mwenyewe, jambo asilokuwa na desturi nalo. Huu ulidumu. Hitler alipomvamia Stalin miezi miwili baadaye, Japani haikumpiga mgongoni, na vikosi vya Siberia vikaweza kuletwa magharibi. Marekani na Japani walipoanza kupigana, meli zenye bendera ya Kisovieti ziliendelea kubeba misaada ya Marekani hadi Vladivostok, zikipita jirani na Japani, na Wajapani wakaziacha. Ulivunjwa Agosti 1945, na aliyeuvunja ni Stalin, siku zilipokuwa bado hazijatimia.

Mmoja ulikaa miezi 22, wa pili miaka minne na ushee. Wahusika ni walewale kwa tabia. Mjapani alikuwa ametazama kusini, kwenye mafuta na mpira wa nchi zilizokuwa makoloni, hakuwa na haja ya Siberia kwa wakati ule, na kipigo cha Khalkhin Gol alikikumbuka. Hitler alikuwa ameandika tangu miaka ya 1920 kwamba ardhi anayoitaka iko mashariki. Desemba 1940 alishatoa amri ya maandalizi. Kwa hiyo sidhani saini ndiyo iliyomzuia yeyote kati yao. Ila Stalin, kwa Hitler, aliisadiki hesabu yake mwenyewe: kwamba Mjerumani hataanza huku kabla hajamaliza na Mwingereza. Alionywa na wengi. Treni za nafaka zilikuwa zinavuka kwenda Ujerumani hadi usiku wa kuamkia uvamizi.

Mleta mada

Dada, mfano huo nitamsimulia kijana neno kwa neno.

Mzee wa Tanga, umenifanya nibadili nusu ya nilichokiandika mwanzo, nakushukuru. Nusu ya pili nimebaki nayo. Alitegemea vita vya panzi, kwamba Wajerumani na Wafaransa watachoshana miaka kama 1914, naye awe kunguru. Panzi mmoja akammaliza mwenzake kwa wiki sita.

Kijana wa Chuo, Dodoma

Wakubwa, samahani, nimechelewa. Swali langu ni moja. Kama Poland ingewaruhusu tu Warusi kupita, mkataba na Hitler usingekuwepo? Kwa nini walikataa wakati Hitler yuko mlangoni?

Mleta mada

Karibu mdogo wangu. Kama usingekuwepo, hapo Mwalimu na mimi tutabishana hadi kesho. Yeye atasema ndiyo, mimi nasema Stalin angepata sababu nyingine, maana hata Wapolandi wangekubali London bado ilikuwa haimpi Estonia wala Bessarabia.

Kwa nini walikataa, hilo ni rahisi zaidi. Walikuwa wamepigana na jeshi hilo hilo 1920, likafika hadi mlangoni mwa Warsaw. Waliamini kwamba likiingia halitatoka. Septemba 1939 liliingia bila kuruhusiwa. Machi 1940 Moscow ikaamua kuwaua maafisa wa Kipolandi na wafungwa wengine, kama 22,000, wengi wao wakiwa wametekwa Septemba ile. Ndiyo mauaji tunayoyaita ya Katyn. Na kabla ya hapo, Februari 1940, katikati ya baridi kali, walianza kugonga milango ya familia usiku: fungasheni, treni inangoja. Waliopona wakaachiliwa 1941 baada ya Hitler kumgeukia Stalin. Wakavuka Uajemi mwaka uliofuata, na maelfu yao wakapelekwa Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala, na Tengeru, ambako kambi ilifika watu kama 5,000. Walilima, wakajenga shule na kanisa. Vita vilipoisha, vijiji vya wengi wao vilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, karibu na mstari waliokubaliana upya mwishoni mwa Septemba 1939. Moscow iliendelea kukana kwamba itifaki ya siri iliwahi kuwepo hadi Desemba 1989.